Wimbo wa Kumkohoza Swaka

Lege wa Tali alimnyanyua Swaka kiunoni, akazunguka naye nusu duara, kisha akambwaga chini na kumwangukia juu kwa bega. Waliokuwa mbele walisikia kitu kikikatika. Waliokuwa nyuma hawakusikia, kwa kuwa wanawake wa Tali walikwisha kuanza vigelegele. Swaka aliinuka mwenyewe, akajikung'uta mavumbi, akacheka na kumpa Lege mkono, kama impasavyo mtu aliyeangushwa kwenye mieleka. Halafu akatembea wima mpaka nyuma ya lori lililowaleta Terekeka, ambako dada yake Kiden alikuwa anamsubiri na kibuyu cha maji. Hapo ndipo alipomwangukia.

"Mama," alisema, akiwa amemng'ang'ania Kiden begani. "Mama, mama."

Mama yao alikuwa kaburini mwaka wa sita. Tena mwanamume wa kwetu Wamundari aliyekwisha kupakwa majivu ya mieleka hamwiti mama yake hata akipasuliwa tumbo. Kiden aliangaza huku na huku, akaona hakuna aliyesikia, akamwosha uso kwa yale maji. Neno lile wakaliacha palepale, na hakuna aliyelitaja njia nzima ya kurudi kwao, kambi ya ng'ombe.

Huyu Kiden anajulikana kuanzia mtoni hadi Tali, na si kwa uzuri. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mumewe alimkimbia au yeye ndiye aliyemkimbia mumewe, inategemea unamuuliza nani. Kinachojulikana ni ulimi wake. Alikuwa akitunga nyimbo za kuwasimanga wapiga mieleka walioshindwa, na nyimbo zake zilikuwa na meno. Maana kwetu mtu huangushwa mara mbili. Mara ya kwanza huangushwa na mpinzani, akainuka, akajikung'uta. Mara ya pili huangushwa na wimbo wa wanawake, na hapo hakuna kuinuka. Yuko kijana mmoja aliyehamisha ng'ombe wake wote kwa ajili ya maneno manne ya Kiden. Miaka minane alimwimbia Swaka sifa na kuwaimbia wapinzani wake matusi, na nusu ya woga waliokuwa nao watu mbele ya Swaka ulitoka kinywani mwa dada yake.

Jioni ile baba yao mdogo, Loro, alimwita mganga wa mifupa. Mganga akapapasa ubavu wa kushoto, akasema ni mbavu mbili, pengine tatu. Akachukua ngozi mbichi ya ndama iliyolowekwa, akaizungusha kifuani kwa Swaka na kuifunga kwa kamba. Ngozi mbichi ikikauka hukaza. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, nayo imewaponya wengi waliovunjika miguu na mikono.

Lakini kifua si mguu, na Kiden alikwisha kuliona hilo. Kaka yao mkubwa, Lado, alipigwa pembe na fahali ubavuni, akafungwa ngozi namna ileile na mikono ileile. Siku ya nne akaanza kupumua kama kifaranga, siku ya sita akapata homa, siku ya tisa wakamzika. Watu walisema fahali alikuwa na mkosi. Fahali akachinjwa, mambo yakaisha.

Kwa hiyo Swaka alipofika siku ya tatu, akawa amelala ameegemea gogo, hawezi kulala chali wala ubavu, anavuta hewa kidogokidogo kwa puani kama anayeiba, Kiden alitwaa kisu akaikata ile ngozi. Loro alimkuta ameishika mkononi.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nimemfungua, baba mdogo."

"Na akifa?"

"Lado alikufa amefungwa," Kiden akasema. "Huyu naye akifa, afe amefunguliwa, tuone tofauti."

Loro hakupenda kusemeshwa vile na mtoto wa kaka yake. Aliapa kwamba kuanzia siku ile mikono yake haimo, likitokea la kutokea watu wajue nani wa kuulizwa.

Walimpeleka Swaka zahanati kwa pikipiki, Kiden nyuma amemkumbatia, na kila shimo la barabarani lilimtoa machozi. Muuguzi, mama mmoja mnene aitwaye Yeno, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Upande wa kushoto, chini, hewa ilikuwa haifiki. Yeno alitaka apelekwe Juba, lakini juma lile barabara ya Juba ilikuwa na risasi, na magari yalikuwa yanarudi. Akampa vidonge vya homa ya mapafu na vya maumivu, kisha akamvuta Kiden pembeni akamweleza mambo waziwazi. Mbavu zitajiunga zenyewe kwa wiki sita au nane, hizo si neno. Kitakachomuua ni makohozi. Mtu akiogopa maumivu havuti pumzi, asipovuta pumzi hakohoi, na asipokohoa uchafu unakaa pafuni unaoza. Kila saa avute pumzi ndefu mara kumi. Akumbatie shuka lililokunjwa, alibane ubavuni, akohoe kwa nguvu.

"Akikataa je?"

"Mlazimishe. Vidonge peke yake havitamtoa huyu," Yeno alisema. "Mimi sijali utamfanya nini, mama. Mkohoze."

Swaka alikataa. Si kwamba alikuwa mkaidi. Atakayesema hivyo hajavunjika ubavu. Mguu uliovunjika unaweza kuuacha utulie, lakini ubavu unautumia kila ukivuta hewa, kila ukimeza mate, na chafya moja inakuonyesha kuzimu. Kiden alimhamishia kwenye kibanda cha nyasi upande ambao moshi wa samadi wa kufukuza mbu haufiki, akamkunjia shuka, akamsihi, akamlisha maziwa yenye samli kwa kijiko. Swaka alivuta pumzi mara mbili, uso ukageuka rangi ya majivu, akasema basi. Alisema atakohoa kesho. Siku ya tano homa ilipanda, na kifua chake kikaanza kutoa sauti ambayo Kiden aliijua tangu kwa Lado.

Aliogopa. Alikaa kizingitini akalia kidogo, kisha akakasirika, na alipokasirika alifanya jambo pekee alilowahi kulijua vizuri maishani. Aliingia ndani, akasimama mbele ya mdogo wake, akaanza kumwimbia. Si sifa.

Aliimba jinsi Swaka alivyobebwa na Lege kama mbuzi wa mahari. Aliimba kwamba miguu yake ilipiga hewani ikitafuta ardhi, nayo ardhi ikamkana. Swaka kwanza alikodoa macho, hakuamini. Halafu akacheka, maana wimbo ulikuwa wa kuchekesha, na kicheko kikamkata ubavuni, akalia kwa maumivu, na katika kulia akakohoa. Lilitoka kohozi moja dogo la rangi ya kutu. Kiden alilipokea kwenye kibuyu kilichokatwa, akalitazama kama mtu aliyeokota ushanga.

Hivyo ndivyo alivyomtibu siku tatu. Kila jua likipanda kidogo anaingia na ubeti mpya. Swaka anacheka au anakasirika, anavuta pumzi ili amjibu, anakohoa, anamtukana dada yake na ukoo wake, ambao ndio ukoo wake mwenyewe. Ila maneno huzoeleka kama uchungu wa dawa. Siku ya nane alisikiliza ubeti mzima amefumba macho, mdomo mkavu, na hakuinua hata kidole. Homa ilikuwa haishuki. Alinong'ona kwamba amechoka, dada aende akapumzike.

Kiden alihesabu. Kesho ilikuwa siku ya tisa.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kumchoma, na walikuwa wanalijua wao wawili peke yao. Alilizungusha mdomoni. Kisha akaliimba, kwa sauti yake yote, kwa kuwa wimbo wa kuumiza ukinong'onwa hauumizi:

*Ubavu wa Swaka ulilia mara moja,*
*mwenye ubavu akalia mara tatu.*
*Nyuma ya lori, nani amesikia?*
*Mama, mama, mama, njoo unibebe.*

Swaka alifumbua macho. Aliinuka kwenye gogo bila kushikwa, akavuta hewa mpaka mbavu zikachomoza, akapaza sauti ya mtu anayefukuza simba zizini. "Nyamaza, Kiden. Nyamaza, nitakuua." Hakuweza kuimaliza. Kikohozi kilimkunja katikati, kikamtikisa, kikamrudia tena na tena, akatapika makohozi mazito yenye damu yaliyojaa viganja viwili. Kiden alimshika kwa nyuma, shuka limebanwa ubavuni, akarudia ubeti ule huku machozi yanamchuruzika, na kila aliporudia Swaka alivuta pumzi nyingine ya kumtukana. Waliendelea hivyo mpaka wote wawili wakawa hawana sauti.

Kabla jua halijatua homa ilianza kushuka. Siku ya tisa Swaka aliomba maziwa.

Kuta zina masikio, na za nyasi zina hata mdomo. Jirani yao alikuwa ameoa binti wa Tali aitwaye Poni, msichana mwema asiye na fitina. Alikuwa nje anakamua ng'ombe, akausikia ubeti, akaupenda. Wimbo mzuri ni wimbo mzuri. Akauimba akitwanga, akauimba akienda mtoni, na alipokwenda kumsalimia mama yake akaenda nao. Baada ya mwezi mmoja kambi zote za Tali zilikuwa zinaujua, tena zilikwisha kuuongezea makofi.

Hapo kambini watu walimjia juu Kiden. Loro alimwambia mbele ya wanaume kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba hata adui hajawahi kuwatia aibu kama ile. Kiden alijaribu kueleza habari ya makohozi. Walimsikiliza kama anavyosikilizwa mlevi. Mtu amepona kwa vidonge, walisema, wimbo unahusu nini hapo? Wazee wa binti ambaye Swaka alikuwa anamposa hawakuja siku waliyoahidi, wala hawakutuma mtu wa kusema sababu.

 Swaka mwenyewe alifuata maagizo ya Yeno kwa bidii ya kutisha. Wiki ya tatu alitembea hadi mtoni na kurudi. Wiki ya sita alilala chali. Wiki ya nane alianza kubeba ndama, na wiki ya kumi akamwangusha rafiki yake mara tano mfululizo, kisha akalala kifudifudi ardhini kwa furaha kwamba hakuna kinachouma. Alikuwa na wazo moja kichwani. Akimwangusha Lege, wimbo utakufa. Kiden naye aliombea hivyo hivyo, ingawa yeye ndiye fundi wa kazi ile na alijua wimbo haufi kwa mwereka.

Swaka na Lege walikutana tena Terekeka mwishoni mwa kiangazi. Swaka alipoingia uwanjani, amepakwa majivu, kifua kimepanuka kuliko zamani, wanawake wa Tali walianza taratibu. Nyuma ya lori, nani amesikia? Lege alikuja kwa kiuno, kama mara ya kwanza. Safari hii Swaka aliteleza pembeni, akamshika paja, akamwinua na kumlaza chali kwa upole, karibu kama anamlaza mtoto. Ulikuwa mwereka safi, pengine mzuri kuliko yote aliyowahi kuipiga.

Nao wanawake wakaimba kwa nguvu zaidi. Walimwimbia yeye, mshindi, wakimwita mama aje ambebe mwanawe, maana leo amechoka kwa kushinda. Lege akiwa bado chini alicheka. Kisha, na hili ndilo Kiden alilolisikia kuliko yote, kicheko kikatoka upande wao wenyewe. Watoto wa kambi yao walikuwa wanapiga makofi.

Swaka alipita katikati ya watu akamfuata dada yake. Alisimama mbele yake anatiririka jasho.

"Ungeniacha nife, dada," alisema. "Ningekufa nina jina langu, watu wangelia, mngechinja fahali, na watoto wa ukoo, waliozaliwa na wasiozaliwa, wangeambiwa kulikuwa na mwanamume. Umeniokoa ili niwe nini?"

 Kiden aliona aibu baadaye, lakini wakati ule, katikati ya uwanja, maneno yenyewe yalimpita. Alikuwa anamtazama kifua. Mdogo wake alikuwa ametoka kumbeba mtu mzima, akasema yote hayo bila kusita, bila kukohoa, bila kushika ubavu.

Swaka aliondoka kambini juma lile. Yuko Juba, anabeba saruji, wanasema ana nguvu kuliko watu wawili, na akimwona mtu wa nyumbani hupita upande wa pili wa barabara. Kwa dada yake hajatuma salamu hata moja. Kiden anakamua ng'ombe wake na hatungi tena. Ukimuuliza kama anajuta, hukwambia aliyezika ndiye anayejua, yeye amezika ndugu mmoja tu. Halafu husema ana kazi, huinuka na kwenda zake nyuma ya kibanda, na kule hukaa muda mrefu.