Yai la Bibi Kanga

Ko.

Ndivyo ilivyolia kastabini ilipogongwa mezani, mara moja tu. Mpaka leo Spika akisikia shaba ikigusa mbao, popote pale alipo, mgongo wake hunyooka wenyewe. Sauti ile ilikuwa na maana moja: nyamazeni, kuna mtu anataka kusema.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya karakana ya sare za shule. Upande wa pili wa ukuta vyerehani vilinguruma kutwa, lakini upande huu kazi ilikuwa ya mkono: kushona vifungo, kupiga pindo, kukata nyuzi zilizoning'inia. Wanawake walikaa kuizunguka meza ndefu, mashati meupe yamerundikwa katikati. Na kwa kuwa kazi ya mkono huyaacha masikio bure, chumba kilijiwekea desturi yake. Mmoja husoma kitabu kwa sauti, na fungu lake la mashati wenzake humshonea, kila mtu kidogo. Mwisho wa juma kitabu hufungwa, na kastabini, yaani kile kikofia cha shaba cha kukinga kidole na sindano, huzungushwa. Anayeivaa huigonga mezani na kusema maoni yake juu ya walichosomewa. Wengine hufunga midomo, hata kama ulimi unawawasha.

Msomaji alikuwa yeye. Jina la Spika alipewa kwa sababu sauti yake ilipenya ukuta hadi kwa mafundi wa vyerehani. Hakuolewa. Mama yao alipofariki alibaki na mdogo wake wa kiume mikononi, akamlea, akamfulia, akamsimulia hadithi mpaka kope zikamwelemea. Kwa hiyo vitu alivyoweza kuviita vyake duniani vilikuwa viwili tu: mdogo wake huyo, na kile kiti cha msomaji karibu na dirisha.

Mdogo wake akaoa. Na kabla rangi ya kucha za harusi haijababuka, mkewe akaajiriwa karakana ileile, chumba kilekile, akapewa kiti kinachomtazama Spika uso kwa uso. Wenzake wakamwita Bi Harusi, na jina likamganda.

Kitabu cha msimu huo kilikuwa kile cha zamani cha kanga na nguchiro. Kila mtu alikijua kwa jina, kama watu wanavyowajua wakubwa ambao hawajawahi kupeana nao mkono. Waliokisoma kweli walikuwa wachache. Kanga, kwa kuogopa nyoka, wanamwajiri nguchiro awalindie viota. Nguchiro hataki mshahara, anaomba yai moja tu. Msimu unaofuata anaomba zaidi. Kasuku anapita kila asubuhi akitangaza kwamba mayai hayapungui, ila viota ndivyo vimekua. Na Bibi Kanga, mkongwe kuliko wote, kila wenzake wakilalamika huwaambia, "Kesho atashiba."

Kastabini ilipozunguka wiki ya kwanza, chumba kilichemka. Mama Pacha, aliyekuwa na watoto mapacha na hasira za watu wawili, alisema lawama zote ni za kanga wenyewe: nani alikwambia umfungulie mlango mla mayai? Bibi Vifungo, mzee wa chumba, ambaye vifungo alivishona bila kuvitazama, alimlaumu kasuku, maana mwizi huiba mara moja lakini msema uongo humfungulia kila siku. Spika alisema mwisho, kama kawaida, na kama kawaida neno lake lilichukuliwa kuwa hukumu. Kwake mkosaji ni Bibi Kanga. Mwoga anayewatuliza wenzake, alisema, ni mbaya kuliko jambazi. Vichwa vikatikisika kukubali. Alilala vizuri siku hiyo.

Kisha mafua yakamshika. Sauti ikakauka, ikabaki mkwaruzo. Msimamizi akachungulia mlangoni akauliza leo mbona kimya, na Bi Harusi, bila kujitutumua, akasema anaweza kushika kidogo mpaka wifi apone.

Spika alikaa kwenye fungu la mashati kama mgeni, akisikiliza. Yeye nguchiro alikuwa akimsoma kwa kunguruma. Bi Harusi alimsoma taratibu, kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama umekula. Hakupaza. Wanawake waliinama mbele kumsikia. Sindano zikasimama hewani. Mama Pacha akajichoma kidole, akakinyonya huku macho hayabanduki kwa msomaji.

"Shoga, huyu nguchiro leo nimemwona," alisema Mama Pacha baadaye. "Kumbe ni mpole. Ndiyo maana anatisha." Akamgeukia Spika. "Wifi yako ana kipaji, bibi wee. Ugua tena."

Wakacheka wote. Spika naye alicheka, meno tu.

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake, na huko ndiko alikomalizwa. Mdogo wake alikuwa amekiegemeza kiti ukutani, anaeleza habari za nguchiro kana kwamba alizaliwa naye nyumba moja. Alisema Bibi Kanga si mwoga hata kidogo, asikilizwe vizuri, yule mama ana lake jambo. Spika akamuuliza hayo kayatoa wapi. Akaelekeza kidevu jikoni, kwa mkewe. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimshika dada yake gauni, akimwomba hadithi moja tu, ya mwisho, kweli ya mwisho. Sasa alikuwa na msimulizi wake wa ndani.

Bi Harusi akatoka na chai, akamwandalia wifi yake kwanza. Akasema sehemu anayoipenda kupita zote inakaribia, ile Bibi Kanga anapolificha yai chini ya bawa. Aliisoma kwao akiwa msichana, akalia. Ana hamu ya kusikia wenzao watasemaje.

Spika alikunywa chai ikiwa ya moto bado, akaungua ulimi.

Sehemu hiyo haikuwa ndefu, karatasi chache tu. Juma hilo sauti ilikuwa imemrudia, naye amekalia tena kiti chake karakanani. Alipoifikia alilamba kidole, akazifunua zote kwa pamoja kama karatasi moja, akaendelea na sentensi iliyofuata ng'ambo ya pili bila hata kupumua. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia. Hakuna aliyegundua. Bibi Vifungo pekee aliinua macho kutoka kwenye shati, kisha akayashusha.

Mwisho wa juma kastabini ikamfikia Bi Harusi. Ko. Alisema kwa furaha ya mtu aliyelisubiri jambo. Alisema mmemwonea bure Bibi Kanga. Lile "kesho atashiba" analisema ili nguchiro alisikie, alale, si ili kuwatuliza kanga, na ushahidi ni lile yai alilolificha chini ya bawa, si la kwake peke yake, ni la ukoo mzima.

Yai gani, aliuliza Mama Pacha, akavunja desturi. Mwingine akasema labda lilitagwa wakati yeye yuko chooni. Mama Pacha akasema huyu mwenzetu anasoma kitabu cha kwao, cha kwetu hakina yai. Kicheko kikazunguka meza upesi kuliko kastabini.

Bi Harusi akamtazama Spika. "Wifi, si lipo?"

Hapo Spika angeweza kusema lolote. Alichukua shati, akatafuta uzi ambao haukuwepo.

"Sikumbuki kulisoma," alisema.

Na ni kweli hakulisoma. Hata kasuku asingelisema vizuri zaidi.

"Basi nitakuwa nimechanganya," alisema Bi Harusi. Akaivua kastabini kabla zamu yake haijaisha, akaisukuma mbele. Tangu hapo alishona ameinama, na hakuna aliyeona uso wake mpaka saa ya kutoka.

Spika alisubiri utamu wa ushindi, haukuja. Mlangoni Bibi Vifungo alimkaribia, wanavaa viatu.

"Mwanangu," alisema yule mzee, akihangaika na kamba ya kiatu, "miaka yote najiuliza mayai ya kanga yanaliwaje. Leo nimekuona unavyolimeza zima zima."

Akaenda zake.

Jumapili Spika alipanda ngazi za kwa mdogo wake amejiandaa kwa vita. Alikuwa na majibu yamepangwa tangu njiani. Lakini mdogo wake alimpokea kwa bashasha. Alisema mke wake kamsifia sana wiki hii, kasema dada yako akisoma mtu anasahau kuwa yuko kazini. Jikoni Bi Harusi alikuwa anakuna sufuria, mgongo ameupa mlango. Hakugeuka.

Kwa hiyo Bi Harusi hakumwambia mumewe. Alikwishajua kwamba yai limerukwa, mtu haisahau sehemu iliyomliza, na bado alikuja nyumbani kwake akamfunika wifi yake kwa sifa. Spika alikaa pale akakuta kwamba wivu ulikuwa haujaisha, ulikuwa umepata chumba kingine. Kwanza sauti, kisha mdogo wake. Sasa hata kwa wema yule binti kamzidi.

Jumatatu kulibaki sura ya mwisho. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akaivaa kastabini na kuigonga ili aanze kusoma, chumba kikatulia. Alifungua kitabu, na macho yake yakatangulia mdomo, na alichokiona kikamtoa jasho kwapani. Nguchiro amemaliza viota vyote. Kanga wamekaa juu ya majani matupu. Na chini ya bawa la Bibi Kanga, kitu kinagonga ganda.

Kifaranga. Sasa kifaranga hiki atasema kimetoka wapi?

Akakaa ameshika ukurasa. Alifikiri kukiruka hiki nacho. Lakini kitabu kisicho na kifaranga hakina mwisho, ingembidi aubuni wa kwake, na kesho aulinde, na keshokutwa amtafute kasuku wa kuutangaza. Mama Pacha aliuliza vipi, mafua tena? Bibi Vifungo aliendelea kushona, lakini uzi ulikuwa umekwisha kwenye sindano yake na yeye hajui, au anajifanya hajui.

Ng'ambo ya meza Bi Harusi ameinama vilevile, anashona kifungo kwenye shati la wifi yake, fungu la msomaji.

Spika alisimama. Magoti yaligonga ukingo wa meza. Alizunguka kwa nyuma ya viti, kitabu kifuani, na kila kiti alichokipita alijiambia atarudi. Alijua watakavyoinama mbele. Alijua sindano zitakavyosimama hewani, na kwamba mdogo wake jioni atasimuliwa, na kwamba yeye mwenyewe atakaa kwenye kiti cha mshonaji na kijicho chake, ameshika shati la mtoto asiyemjua. Alifika. Akaweka kitabu juu ya vifungo, akaivua kastabini, ikiwa bado na joto la kidole chake, akaiweka juu ya kitabu bila kuigonga.

Kisha akainama mpaka mdomo ukakaribia kugusa kilemba cha yule binti, na kwa sauti ambayo ukuta haukuisikia wala meza haikuisikia, akasema:

"Soma wewe, wifi. Anzia pale niliporuka."