Kikombe cha Pili
Nilikubali kutokwenda kwa rafiki yangu baada ya hitima ya mwanawe, na laiti ningalikataa. Kaka yake aliniambia, "Mwache, ndugu yangu. Ukikaa naye utamtonesha kidonda."

Kila alasiri tulizoea kunywa kahawa barazani kwake, mtaa wa Malindi. Sasa nikawa nazungukia kichochoro cha nyuma.

Muuza kahawa akanisimamisha. "Mwenzako bado anataka vikombe viwili. Chako kikipoa, anakimwaga."

Niliona haya, nikashindwa hata kupiga hodi. Nilipopata ujasiri, alikuwa keshahamia shamba, Mangapwani. Nikamfuata. Aliniitikia salamu, akarudi ndani.

Nilimpoteza rafiki niliyekuwa naye tangu chuoni. Hatukuzungumza tena mpaka alipokufa.