Kadi Iliyobaki Kwenye Koti la Kanisani

Siku moja ya soko pale Ekalakala haijanitoka kichwani, mwanangu Musyoka, na tangu uniambie umepewa kibali cha kumiliki bastola imekuwa ikinirudia. Una duka lako la simu huko Syokimau na sababu zako unazijua mwenyewe. Sikukatazi. Kunywa chai, nikueleze.

Babu yako Mutua, baba yangu, alikuwa polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki alinde ng'ombe wa kijiji, maana wezi walikuwa wakiswaga mifugo mchana kweupe. Alipewa pia kadi yenye picha yake, na amri kwamba asitembee na bunduki bila kadi hiyo. Jumapili moja akaitia kadi kwenye koti la kanisani, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na mfuko usio na tundu. Kesho yake akavaa shati la kazi, akachukua bunduki, tukaenda soko. Nilikuwa msichana mkubwa, nimebeba ndengu za kuuza.

Karibu na soko, askari mgeni aliyehamishiwa kwetu majuzi akamsimamisha.

"Mzee, kadi ya hiyo bunduki iko wapi?"

"Imebaki nyumbani. Lakini uliza mtu yeyote hapa. Mimi ni Mutua, niko na bunduki ya serikali."

Watu wakajaa, kila mmoja akipiga kelele kwamba anamjua, yeye na ukoo wake mzima. Askari hakupandisha sauti.

"Mzee, hata mwizi kwao wanamjua. Mimi sikujui."

Baba alikuwa mwepesi wa hasira, nami niliogopa sana. Kumbe siku hiyo aliimeza. Akatoa risasi, akailaza bunduki chini, akamfuata askari hadi kituoni. Mimi nikatumwa nyumbani kuleta kadi, na nyumbani ni mbali kwa miguu.

Kabla sijarudi kituoni na kadi, wezi walikuwa wamepita kwa jirani yetu Kalekye, mjane, wakamchukua ng'ombe wake wa pekee. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyolisha watoto wake. Alipiga yowe akimwita baba, naye baba alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, mikono mitupu.

Wengi walimlaumu yule askari. Baba alikataa, akasema askari alifanya kazi yake. Jioni, alipoachiliwa baada ya kadi kufika, alikwenda kwa Kalekye kuomba msamaha, nami nyuma yake. Kalekye hakumtukana.

"Nilikuita, Mutua," alisema. "Nilikuita mpaka sauti ikakauka."

Sijawahi kumwona baba akilia isipokuwa siku hiyo.

Basi sikia, mwanangu. Bastola ikitoka nyumbani, kitambulisho chako na cheti chake cha kibali vitoke nayo, hata kama unaenda kununua mkate tu. Usiseme kwamba watu wanakujua. Anayekuona na silaha haoni moyo wako, anaona chuma, na ana haki ya kuuliza wewe ni nani. Polisi akikuuliza, usinune wala usitaje jina la mkubwa fulani. Onyesha cheti, jibu kwa adabu, uende zako. Na siku ambayo huna cheti mfukoni, iache bastola imefungiwa.

Lete kiganja nikitemee mate ya baraka, kama wazee wetu walivyofanya. Mungu akulinde uendako na urudipo. Na yeyote atakayekuita akiwa taabuni, akukute uko huru kwenda.