Siku Nilisema Maji Iko

Bandugu, niwaambie bila kuficha: hata leo nikipita mbele ya ile maternité ya Leta, ya serikali, hapa kwetu Kimemi, nageuzaka uso kama mutu anatafuta kitu ngambo ya barabara, juu bamama ba kule bananiitaka "Papa Povu", na siwezi kubakasirikia, kosa ni yangu mwenyewe, ilitoka mu kinywa yangu.

Mi naitwa Kambale, nauzishaka misumari na mabati, na tena niko président wa comité ya afya ya quartier, ya mutaa yetu (kazi bila mushahara, mais inakupatia kiti ya mbele kila fasi, na miye kiti ya mbele naipendaka sana). Ile mwaka, bamama benye kuzaa kwa opération mu maternité yetu balianza kurudi na bidonda binatoka usaha. Mumoja, kisha mwengine, kisha mwengine tena. Batu bakapiga kelele, radio ikasema, mpaka bakubwa ba afya bakajibu asema batatuma inspecteur kutoka Beni, aje asikilize batu na ajue makosa ni ya nani.

Mwenye batu balikuwa banasonta kidole ni Masika, titulaire, ni kusema mukubwa wa baenfirmière, bauguzi ba pale. Mwanamuke mufupi, wa kusema polepole, alikimbiaka vita kule Kanyabayonga na batoto bake na mufuko moja. Tulisikia kwamba barua ya kumusimamisha kazi iko tayari mu sakosi, mufuko ya inspecteur, inakosa tu signature.

Asubuhi ya ile siku Masika akaniita mu bureau yake.

"Président, we njo utasema wa kwanza. Sema ukweli ya maji."

Maji ya robinet, ya bomba, ilikuwa imekatika miezi na miezi, na miye nilijua muzuri.

"Hapana ogopa, mama," nikamujibu.

Mais nilikuwa nimevaa koti mupya, kravate nyekundu, discours, hotuba yangu, nilikuwa nimeiandika siku tatu nzima, na mu ile discours habari ya maji haikukuwa. Nikajiambia: bageni banatoka Beni na vumbi yote ile, nabapokea na malalamiko mbele hata hawajakaa? Ukweli ataisema mwengine. Ni ile tu, ile kawazo kadogo, njo ilinizika.

Tulikuwa inje, mu lupango, kiwanja ya maternité, bamama bamekaa ku babanc, bengine na batoto ku mugongo, inspecteur ku meza, murefu, na lunettes ku macho. Nikasimama, nikakohoa kama ministre, nikaanza: "Monsieur l'inspecteur, maternité yetu ni kioo ya ville! Usafi iko, dawa iko, maji iko inatiririka!" (Ile "inatiririka" haikukuwa hata mu karatasi, ilijikuja yenyewe.) Hakuna mutu alipiga makofi. Inspecteur akaandika, akainua kichwa.

"Donc maji iko. Na kama maji iko na bidonda binaoza, ni kusema baenfirmière habanawake mikono?"

Nilikuwa nimemumaliza Masika na kinywa yangu. Nikamuangalia: alikuwa amekaa tu, mikono ku magoti, ananiangalia bila kufumba macho. Mutu wa kweli angesema, excusez, nimedanganya. Miye? Miye nikataka kuokoa ile discours.

"Hapana, monsieur! Bananawaka! Bananawaka sana! Ngoja nikuonyeshe!"

Nikaenda mbio ku lavabo ya kunawia yenye iko ku mulango ya salle ya kuzalia, nikachukua sabuni, nikaanza kusugua na kufundisha batu, hapa katikati ya bidole, hapa ku kidole kikubwa, povu inapanda mpaka ku viwiko, mikono ya koti imelowana, na njo nikafungua robinet. Ikakohoa. Buibui moja ikatoka, ikaniangalia, ikaenda yake. Nikakaza na nguvu yote, mikono ikateleza, kichwa ya robinet ikang'oka, ngumi ikanirudia ku uso, sabuni ikaingia mu macho yote mbili, nikalia "Mama yangu weee!" mbele ya bakubwa ba Beni, nikajipanguza na kravate, na kravate nayo ilikuwa na povu.

Mukaka moja, mama muzee, mwenye kukaa ku banc ya nyuma akapaza sauti: "Maji ya président inatiririka mu macho!"

Bakacheka, bandugu, mpaka batoto bakaamuka.

Masika hakucheka. Nikasikia mukono yake ku bega yangu. "Inama, papa." Akaninawisha macho na kikombe ya maji, kisha mikono, polepole, na huku anaongea na inspecteur.

"Monsieur, hivi njo tunafanyaka kila siku. Hii bidon ya maji niliibeba miye mwenyewe asubuhi, kutoka ku source, ku chemchemi. Ni ya kunawa, ni ya kusafisha byuma bya opération, ni ya bamama bote." Akaacha kumwaga. "Papa amekwisha kumaliza robo. Kuko bamama babili banazaa leo. Hao nitabanawia na nini?"

Akaenda mu bureau, akarudi na envelope: copie za barua zenye alikuwa anaandika, anaomba maji, anaomba gants za mikono, anaomba javel ya kusafisha salle, na ku kila moja cachet, muhuri ya mwenye kuipokea. Inspecteur akasoma ya kwanza, akasoma ya pili.

"Hii cachet..."

"Ni ya bureau yenu, monsieur."

Miye hapo nikainua mukono, ingali na povu. "Monsieur, nilidanganya. Titulaire aliniomba niseme maji hakuna, nikakataa juu ya heshima."

"Président," akajibu, "hiyo tumeiona."

Na hapa nimusifu ule mutu naye, juu bengi bangekasirika na kufunga sakosi. Yeye alitoa lunettes, akasimama, akasema na sauti ya kusikilika: "Barua zilifika kwetu. Sisi njo hatukujibu. Makosa hapana ya huyu mama."

Katungu, mumoja wa bale bamama ba bidonda, mulimaji wa Kalunguta, akasimama na mukono ku tumbo. "Mi mambo ya barua siijue. Kidonda yangu ilifunguka mara mbili. Leta itanitunza, ao itanipatia pole na kurudia Beni?"

Inspecteur akageukia secrétaire. "Andika. Bamama bote benye bidonda bilioza hapa, batatunzwa bila kulipa. Maji irudishwe. Weka jina yangu, ubandike ku mulango."

"Na tarehe, monsieur," Masika akaongeza.

Akaandika tarehe.

Tarehe ikafika, maji haikufika. Matunzo ilianza, mais robinet ilibaki kukauka. Masika hakupiga kelele: akabandua ile karatasi, akachukua Katungu na bamama bengine, bakapanda mpaka Beni, bakakaa ku mulango ya inspecteur mpaka akatoka nabo kwenda kwa mukubwa wake. Juma ya kufuata, mafundi bakakuja na matiyo ya maji. Katungu alipona, amerudia ku shamba. Barua ya kumusimamisha Masika, hakuna mutu aliionaka.

Mi nilitaka kuacha uprésident. Masika akakataa. "Baki, papa. Mutu mwenye amekwisha kupata haya mbele ya batu bote, hatadanganya tena kwa urahisi."

Na kweli, niliapa: sitasema tena kitu iko kama sijaiona na macho yangu, siku ile ile. Juzi bageni bengine balikuja, bakaniuliza kama gants iko. Nikabaambia ngojeni. Nikaingia ndani, nikafungua kabati, nikahesabu, nikatoka.

"Iko ya siku mbili," nikasema. "Andikeni ile. Na muandike nani ataleta zingine."