Begi la Madoa ya Jeshi

Mwaka ule tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, asubuhi na jioni, maana mahindi yalikaukia shambani. Dada yangu alizidiwa na ugonjwa huko Masasi, nikataka nikakae naye siku mbili. Binti yangu akanitolea mabegi mawili ya mgongoni, moja jeusi la shule, moja la mtumba lenye madoa ya jeshi.

"Mama, chukua la kiraia."

Nikachukua la jeshi, ili nionekane.

Stendi ya Newala askari akanisimamisha. "Shikamoo, bibi. Begi hilo raia haruhusiwi. Hamishia vitu kwenye mfuko wa salfeti."

"Marahaba. Jeshi lenyewe ni mimi, nimezaa tisa."

Watu wakacheka. Kicheko kikaninogea, nikabishana mpaka gari la mwisho likaondoka.

Kesho yake Masasi nilikutana na watu wanatoka kumzika dada. Wakasema usiku kucha aliniulizia. Askari yule hakuwa na kosa, kosa ni kiburi changu.

Juzi binti yangu kaniletea begi jipya, niendee harusi ya mjukuu Tandahimba.

"Sibebi begi mgongoni."

"Hata hili la kiraia, mama?"

"Sibebi begi mgongoni."