Rubani Aliyeniita Mpiga Ramli

Kazi yangu ni kufuatilia dhoruba za jua zinazovuruga mawimbi ya setilaiti yanayoongoza ndege. Rafiki yangu rubani, tuliyekua naye pamoja mtaa wa Jang'ombe, alikuwa akinipigia simu kila asubuhi kabla ya kuruka.

Siku moja nilimwambia, "Jioni usiitegemee setilaiti. Tumia redio za ardhini."

Kweli, vyombo vya wenzake viliyumba, yeye akatua bila ya taabu. Kwenye kikao cha marubani baada ya safari, nami nimekaa ubavuni pake, wenzake wakamuuliza alijuaje.

"Uzoefu tu," alisema. "Hawa watu wa jua wanapiga ramli."

Wakacheka wote. Naye akacheka, bila ya kunitazama.

Asubuhi ya pili akanipigia: "Jua leo vipi, dada?"

Nikamwambia asubiri tangazo linalotolewa kwa marubani wote. Hajanipigia tena.