Niliyafuta Maji ya Kijani Nikanyamaza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mimi ni mkunga, Mkenya niliyeolewa huku Kampala. Nilipoacha hospitali ya serikali nikaenda ya binafsi kule Kansanga, mshahara niliupenda, ila watu wake sikuwaamini hata kidogo.

Nilishasikia kwamba binafsi wanapasua akina mama ili bili inenepe. Basi daktari akigusa tumbo la mzazi, mimi namwangalia mikono. Akitabasamu, nashuku. Akinyamaza, nashuku zaidi.

Mchana mmoja akaletwa jirani yangu, Mama Imani, mimba ya pili, uchungu umemshika vibaya. Akanivuta karibu. "Sista, mimi nimekunywa emumbwa. Usiambie daktari, atanipasua bure."

Emumbwa ni ule udongo wenye dawa za miti, wajawazito wa hapa huusugua kwenye maji wakanywa. Nikamwahidi.

Chupa ilipopasuka, maji yakatoka ya kijani. Mkunga yeyote anajua: mtoto amejisaidia tumboni, huenda amechoka, daktari aitwe haraka. Mimi nikajiambia hiyo ni rangi ya emumbwa tu, na huyu daktari wa zamu anatafuta kisingizio cha kushika kisu. Nikayafuta, nikabadilisha shuka.

Daktari akachungulia mlangoni. "Musawo," akaniita, kama wanavyotuita wahudumu wa afya huku, "maji iko namna gani?"

"Iko sawa, daktari."

Alinitazama kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jamani, yeye aliniamini!

Mtoto alitoka mlegevu, hakulia. Daktari huyo huyo alihangaika naye, jasho likimtiririka, mpaka akapumua. Leo watoto wa rika lake wanatembea, yeye hata shingo haijakaza.

Hospitali ile nimeiacha. Kinachonitesa ni kwamba Mama Imani anamlaani daktari, na mimi ananipikia. "Wewe ndiyo ulinipigania," huniambia, kisha ananipakatisha mtoto. Nampakata, nakula, nanyamaza.

Wakunga wenzangu mnaojiuliza kama mwende binafsi, nendeni au msiende, shauri yenu. Washukuni wakubwa wenu mkitaka. Ila mlichokiona kwa macho kisemeni kwanza, kabla hamjakipa maana mnayoitaka nyinyi.

Mama Imani, najua ukurasa huu unausoma. Daktari aliuliza. Mimi ndiye niliyemdanganya.